Tarehe 05/03 Inapoingia Django

Fomu ya wavuti ikitumwa, seva haipokei tarehe wala namba. Inapokea maandishi matupu. Yanayofuata ni kazi ya kuyasoma, na Django, kiunzi cha Python kilichozaliwa kwenye gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas na kutolewa hadharani mwaka 2005, imeipanga kazi hiyo vizuri.

Ukurasa ukiombwa kwa GET, mtumiaji anapewa fomu tupu. Akibofya kitufe cha kutuma, ombi linakwenda kwa POST likiwa na tokeni inayothibitisha kuwa fomu ilitoka kwenye tovuti yenyewe. Bila hiyo, jibu ni 403, yaani ombi limekataliwa. Kisha inaitwa is_valid(), inayokagua data ya fomu. Ikikataa, fomu inarudi na maelezo ya kosa, na aliyoyaandika mtu hayapotei. Ikikubali, data inahifadhiwa na mtumiaji anapelekwa ukurasa mwingine, ili akiupakia upya asitume mara mbili.

Wengi huichukulia is_valid() kama mlinzi wa mlangoni tu. Kumbe ndiyo pia inayotafsiri maandishi. Chukua fomu ya kliniki yenye tarehe ya kuzaliwa mtoto, iliyowekwa kama DateField. Mama mmoja anaandika 25/03/2024, inakataliwa. Mwingine anaandika 05/03/2024, yaani tarehe tano Machi; inapokelewa kimya, na ndani ya cleaned_data, yaani data iliyokwisha kusomwa, inakaa tarehe 3 Mei. Sababu ni kwamba mradi mpya wa Django huanza na Kiingereza cha Marekani, ambako mwezi hutangulia siku.

Ile iliyokataliwa haina madhara, kwani mtu ataliona kosa. Hii iliyopokelewa ndiyo ya hatari: mtoto amepunguziwa umri karibu miezi miwili, na chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 huhesabiwa kuanzia siku ya kuzaliwa.

Dawa ni kuandika input_formats=["%d/%m/%Y"] kwenye sehemu hiyo ya fomu. Ama tumia kisanduku cha tarehe cha kivinjari, ambacho hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na Django huuelewa mpangilio huo bila kuambiwa. Ukiunganisha njia zote mbili, ongeza "%Y-%m-%d" kwenye orodha, la sivyo hata tarehe sahihi zitakataliwa.

Kama mfumo wako umeshaanza kutumika, tafuta rekodi zote ambazo siku ya mwezi haizidi 12 uzilinganishe na kadi za kliniki. Hakuna msimbo utakaojua mama alikusudia tarehe ipi.