Mwalimu Anayeinua Jiwe

Katika madaftari ya shule za msingi, somo la makazi ya viumbe hai humalizika upesi. Samaki anaishi majini, simba mbugani, ngamia jangwani. Mtoto huchora mstari kutoka safu ya kushoto kwenda ya kulia, hupigiwa vema, na kipindi kimekwisha. Mwalimu anayeishia hapo simlaumu, kwani ana wanafunzi wengi kuliko madawati na mtihani uko mlangoni. Lakini wapo walimu ambao hapo ndipo wanapoanzia. Wanaongeza swali moja tu: kwa nini hapa, na si pale? Hao ndio ninaotaka kuwasifu, maana kazi yao ni ufundi kamili, wenye zana zake na miiko yake.

Ufundi huo huanzia uani, kwenye jiwe. Mtoto asiyefundishwa hulisukuma jiwe mbele na kuchungulia. Aliyefundishwa hushika ukingo wa mbali kwa kijiti na kulivutia kwake, jiwe libaki ngao kati yake na nge au tandu aliyelala chini. Wakishaona walichokiona, jongoo, konokono, mayai ya sisimizi, jiwe hurudishwa taratibu lilivyokuwa. Huo ni mwiko wa kwanza: paa la mwenzio huliachi wazi juani.

Kisha huja swali. Chini ya jiwe pana giza na pana unyevu. Jongoo amefuata kipi? Hapo mwalimu hutoa zana ambazo mgeni angezidhania takataka. Boksi la viatu linatiwa udongo, nusu mkavu, nusu uliolowa, na jongoo kadhaa wanawekwa katikati. Kabla ya hapo kila mtoto ameshanyoosha mkono kusema watakwenda upande gani, kwa sababu aliyebashiri hutazama kwa makini kuliko aliyeambiwa tu atazame. Baadaye udongo wote unaloweshwa sawasawa, boksi linafunikwa nusu, na jaribio linarudiwa. Mtoto wa darasa la tatu ameshajifunza kutenganisha sababu mbili zilizokuwa zimeambatana, jambo linalowashinda watu wazima wengi wanaobishana barazani.

Mimea ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa haitembei na watoto huiona kama imewekwa tu. Fundi wa kweli hutafuta mfano wanaoupita kila siku. Nyuma ya bafu kuna nini? Migomba! Na mshubiri je, unaukuta wapi? Kwenye kichanga kikavu, karibu na ukuta. Basi huletwa darasani majani mawili. La mgomba ni pana, jembamba, linachanika kwa upepo na kupoteza maji mengi. La mshubiri ni nene. Likikatwa, utelezi wake unawajaa vidoleni. Akiba ya maji imeshikwa kwa mkono, na hakuna aliyelazimika kukariri.

Shule za pwani zina neema ya ziada. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari katika pwani yetu hupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, katikati ya vipindi. Mwalimu anayejua kazi yake hupanga somo kwa mwezi, siyo kwa kengele peke yake. Anachukua kamba ndefu ya katani na kuinyoosha kutoka nchi kavu kuelekea baharini, ikikata katikati ya mikoko, na vikundi vinaandika kila mti na kila kiumbe kilichoguswa na kamba. Karatasi zikiunganishwa, mpangilio unajitokeza wenyewe: mlilana umesimama mbele kupokea mawimbi, mkoko unafuata, mkandaa uko nyuma zaidi. Kwa nini wasichanganyike ovyo?

Mwalimu hajibu. Anawaonyesha mchu, ambao mizizi yake imechomoza juu ya tope kama penseli zilizochomekwa kichwa chini. Mizizi inatafuta nini juu? Mtoto mmoja anachimba tope jeusi, ananusa, anakunja uso, na jibu linakaribia: chini humo hewa ni haba. Kisha wanalamba jani la mchu na kuonja chumvi ambayo mti umeitoa nje. Wanaokota chipukizi la mkoko, lililoanza kuota likiwa bado mtini ili likianguka liwe tayari kujichomeka topeni. Maji, chumvi, tope na hewa vimekuwa masharti, na kila kiumbe kimeyatimiza kwa namna yake.

Hapo pia ndipo mtoto aliyekaa kimya muhula mzima anapopata sauti. Ni yule anayefuatana na mama yake kuokota tondo na chaza. Anajua tondo wamejaa wapi, na kwamba kwenye mchanga mtupu utatafuta mpaka jioni. Mwalimu mdogo wa moyo angemkatiza ili arudi kitabuni. Fundi humpa nafasi ya mbele, kisha humwuliza lile lile: kwa nini hapo? Ujuzi wa nyumbani unaheshimiwa, na bado unadaiwa sababu.

Faida yake haiishii kwenye alama. Mikoko hukatwa kwa ajili ya boriti, kuni na mkaa, na mahali pengine husafishwa kupisha mashamba ya chumvi. Aliyekariri kwamba kaa anaishi kwenye mikoko atasema kaa atahamia kwingine. Aliyeshika kamba ile anajua kwamba kwingine hakuna kivuli kile wala majani yale, na kwamba samaki wadogo na kambamiti wachanga waliojificha kati ya mizizi wangekuwa kitoweo cha kesho. Atauliza maswali mkutanoni kijijini, na hayatakuwa ya kupuuzwa.

Basi mwalimu mkuu akikuta darasa tupu saa nne asubuhi, kabla ya kuandika barua ya onyo, atazame kwanza mwezi ni wa ngapi.