Pumzi ya Bango

Kibuyuni, huku Kwale, iko karibu katikati ya Mombasa na Tanga, na masikio ya watu wake yamelelewa na pande zote mbili. Kusini, ng'ambo ya Vanga, kulikuwa na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Katika hiyo Jamhuri walipiga gitaa ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, kabla ya kuja Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Kaskazini, ukishavuka Likoni na kukipita kisiwa kizima, kuna Freretown, mtaa wa Mzee Joseph Ngala. Magitaa ya Tanga nayapenda mno. Hata hivyo, nikiulizwa ni nani aliyeifanya pumzi ya binadamu iwe muziki wa Pwani, nitamtaja mzee huyu na saksafoni yake.

Ngala alipitia bendi ya Bahari Boys, kisha akabuni mtindo unaoitwa bango na kuupiga na kundi lake, Bango Sounds. Humo mna ngoma za Kimijikenda, ladha ya taarabu, madaha ya Kireno, na mwendo unaokaribiana na bossa nova ya Brazil. Mtindo wa namna hiyo hauzaliwi popote tu. Freretown ilianzishwa na wamisheni wa Kianglikana miaka ya 1870 ili kuwapokea watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Jina lake linatokana na Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash aipige marufuku biashara ya watumwa. Watu wa makabila mengi walijikuta mtaa mmoja, wakiimba nyimbo za kanisa kwa sauti moja. Mtunzi wa mtaa kama huo hafunzwi kuchanganya.

Saksafoni yenyewe ni chombo cha ajabu kidogo. Mbelgiji Adolphe Sax aliipatia hataza mjini Paris mwaka 1846. Mwili wake ni wa shaba ya njano, lakini wanaojua vyombo huiweka kundi moja na filimbi na klarineti, kwa sababu sauti yake haitoki kwenye shaba. Inatoka kwenye ulimi, kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni. Mdigo aliyezoea ngoma ya sengenya haoni jipya hapo. Nzumari nayo ina ulimi, na hapa Kwale mpiga nzumari amekuwa akitunisha mashavu miaka mingi kabla ya shaba ya Mzungu kufika.

Tofauti iko katika pumzi. Fundi wa nzumari huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma, hivyo sauti inapita juu ya ngoma bila kukatika, na wachezaji wanapandwa na mori. Ngala anafanya kinyume. Anakata. Anaimba ubeti kwa sauti yake ya kawaida, anakipeleka chombo mdomoni, na saksafoni inajibu pale maneno yalipoishia, kisha inanyamaza ili gitaa lipite. Koo moja linauliza na kujibu. Mpiga saksafoni Charlie Parker wa Marekani alisifiwa kwa kasi iliyowaacha wenzake wakihema, na sifa hiyo aliistahili. Kwenye bango kasi ya namna hiyo ingekuwa utovu wa adabu. Sauti ya saksafoni inapaswa kuwa kitu ambacho bibi aliyekaa mkekani anaweza kukishika mara ya pili na kukivumisha puani mara ya tatu. Hapo ndipo ninapouona ufundi, maana kupiga noti nyingi kunafundishika, ila kujua ni zipi za kuacha kunahitaji umri.

Shule ya kazi hii ni harusi. Pale Diani hoteli zimelisha wanamuziki wengi, sikatai, lakini mgeni aliyekuja kwa wiki moja hamrekebishi mtunzi. Anapiga makofi kwa kila wimbo na kurudi kwenye chakula. Harusini kuna shangazi. Akiona mwendo umemzidi miguu, anaketi, na bendi inaelewa. Akiinuka na leso yake mkononi, akawavuta wenzake watatu, wimbo umefaulu na hakuna mhakiki atakayeongeza neno. Bango limetoka kwenye mtaa wa kanisa, na bado nimeona kofia na buibui zikitikisika taratibu kwa mwendo wake. Taratibu, lakini zinatikisika.

Na Pwani haimhurumii mpulizaji. Kibuyuni, ambako akina mama hukausha mwani kwa upepo wa bahari, shaba inaota kutu ya kijani ukisahau kuipangusa. Springi ndogo zinakatika, ngozi za vifuniko zinavimba kwa unyevu, hewa inavuja, na noti za chini ndizo za kwanza kupotea. Ulimi nao ukikauka unapiga mluzi. Ndiyo maana utamkuta mpulizaji ameuweka mdomoni kabla ya zamu yake, akiitikia salamu kwa kichwa tu.

Siku hizi harusi nyingi huletewa mtu mmoja na kinanda. Kinanda kina kitufe cha saksafoni, na sauti inayotoka ni safi na haichoki. Kasoro yake ni hiyohiyo ya kutochoka. Anayepuliza anajua ataishiwa, kwa hiyo hupanga kila mstari uishe mahali penye maana, kama msemaji anayejua wapi pa kumeza mate. Kitufe hakina sababu ya kuishia popote, basi kinaendelea tu, na wachezaji wanachoka kabla yake.

Bendi kamili ni ghali, najua. Mwenye shughuli anaweza kumwita huyohuyo wa kinanda na kumwomba aje na mpulizaji mmoja. Chakula chao wafunikiwe hadi wamalize, maana tumbo lililojaa pilau halimwachii mtu nafasi ya kuvuta pumzi.