'Mkazo' mmoja hautoshi kueleza nguvu za nguzo

NIMEMALIZA kusoma kijitabu cha mafunzo ya uashi kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, ambacho vijana wa mjengo mjini Lodwar na kambini Kakuma wamekuwa wakipokezana. Mfasiri simtaji. Nia yake ni njema, na sura za kupima mchanga na kokoto zinasomeka bila tabu. Tatizo limo katika kurasa za nguzo, anapotufikisha kwenye kile anachokiita "zege lililofungwa".

Lililofungwa na nani? Kwa mkaazi wa Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992, neno hilo huashiria jela au lango. Fundi naye atadhani kwamba ringi zinazozunguka vyuma virefu vya nguzo ni kamba tu za kuvishikilia visitawanyike kabla ya zege kumwagwa. Akishaamini hivyo, akiambiwa aziweke kila sentimita 15, ataona 30 zatosha na kujipongeza kwa kuokoa chuma.

Kumbe kazi yenyewe ya ringi huanza baadaye. Nguzo ikielemewa hufupika na kutanuka ubavuni. Ringi hukataa kutanuka huko, zikalibana zege la ndani kutoka pande zote. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hili: kufumbata. Kiganja hufumbata sarafu. Ringi hufumbata zege. Napendekeza "zege lililofumbatwa".

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Kijitabu kinatumia "mkazo" kwa vitu viwili: nguvu inayoangukia kila milimita mraba ya zege, na kiasi ambacho zege hufupika likilinganishwa na urefu wake wa awali. (Sisi watu wa isimu tayari tumelitwika neno hilo mzigo wa shadda, lakini hilo tuliache.)

Chukua zege lenye uwezo wa niutoni 25 kwa milimita mraba. Hufikia kilele likiwa limefupika takriban milimita 2 kwa kila mita. Majaribio yaliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1928 yalionyesha kwamba kila niutoni moja ya kubanwa ubavuni huongeza takriban niutoni 4 za kubeba. Ringi zikibana kwa niutoni 2, uwezo hupanda hadi karibu 33, yaani theluthi moja tu. Lakini kwa hesabu ya John Mander, Nigel Priestley na Robert Park wa Nyuzilandi, iliyochapishwa mwaka 1988, kufupika kwenye kilele hupanda kutoka milimita 2 hadi zaidi ya 5. Nguvu imeongezeka kiasi. Uvumilivu umeongezeka maradufu na ushei. Uvumilivu huo ndio unaowapa watu nafasi ya kukimbia: ganda la nje humeguka, kiini kikabaki kimebeba. Nguzo isiyofumbatwa huvunjika ghafla.

Sasa itie habari hii katika istilahi za kijitabu: mkazo huongezeka kwa theluthi, na mkazo huongezeka zaidi ya maradufu. Jamani! Mimi ningeuacha mkazo kwa nguvu, na kule kufupika nikuite "mfupiko". Wapo watakaotaka "mnyumbuko", ila kunyumbuka hudokeza kitu kinachovutika kisha kikarudi, na zege lililopita kilele halirudi.

Kuna wanaodai kwamba istilahi si kitu, mradi fundi aonyeshwe kwa mikono. Hoja hiyo ingekuwa na mashiko kama mjengoni wote wangekuwa na lugha moja ya nyumbani. Kakuma, Mkongomani atasema beto, Mkenya atasema zege au hata simiti, na Msudani Kusini anajifunza Kiswahili papo hapo kazini. Wanachoelewana nacho ni hicho hicho Kiswahili, kwa hivyo kikiwa na ukungu, ukungu ni wa wote.

Kuna pia sentensi inayoagiza ncha za ringi "zikunjwe vizuri". Vizuri si kipimo. Ncha hukunjwa nyuzi 135, zikaelekea ndani ya kiini. Zikikunjwa nyuzi 90 tu, ganda likimeguka hufunguka, na hapo hakuna kinachofumbatwa tena. Katika toleo lijalo, mfasiri aiandike hiyo namba.