Sauti Isiyo na Uso: Uimbaji wa Mukesh na Kumbukizi za Wasikilizaji wa Thika na Ruiru

1.0 Utangulizi

Nyimbo za filamu za Kihindi zimesikika katika Afrika Mashariki kwa miongo mingi, lakini ni nadra kuzikuta katika uhakiki wa fasihi. Wahakiki wa filamu huziona kuwa mapumziko kati ya tukio moja na jingine; wahakiki wa ushairi huziona kuwa mali ya filamu; nao wataalamu wa fasihi simulizi huziweka kando kwa kuwa zimerekodiwa studioni. Matokeo yake ni kwamba yanayosemwa juu ya nyimbo hizo aghalabu ni maneno ya mapenzi tu: kwamba zamani waliimba, na siku hizi wanapiga kelele.

Makala haya yanamchukua mwimbaji mmoja, Mukesh (1923-1976), na eneo moja la upokezi, yaani miji ya Thika na Ruiru nchini Kenya, ili kuchunguza swali moja: je, kumbukizi, kwa maana ya hamu ya kilichopita, inaweza kuwa aina ya uhakiki, au ni pazia linaloficha historia? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kumbukizi hufanya kazi zote mbili. Sikio la mpenzi huweza kugundua ubora ambao vigezo vya kitaaluma huupita. Lakini sikio hilo hilo huweza kusahau ni nani aliyekuwa ndani ya duka wimbo ulipokuwa ukipigwa, na ni nani aliyekuwa nje.

2.0 Usuli wa Upokezi

Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, ikipitia Ruiru. Ilikusudiwa kubeba mazao ya walowezi, hasa kahawa na katani, lakini pamoja na mizigo ilileta duka. Wafanyabiashara wa Kigujarati, wengi wao Waoshwal wenye asili ya vijiji vya Jamnagar, pamoja na mafundi wa Kipunjabi, walikuwa miongoni mwa waliojenga maisha ya miji hiyo. Baadaye Thika ilikua ikawa mji wa viwanda vya nguo, mananasi ya makopo na mafuta ya kupikia, huku Ruiru ikibaki kwa muda mrefu katikati ya mashamba ya kahawa. Vibarua walitoka Murang'a, Ukambani na kwingineko. Chini ya ukoloni, makazi katika miji ya Kenya yaligawanywa kwa rangi; wimbo haukuweza kugawanywa hivyo. Redio na gramafoni iliyowekwa nyuma ya kaunta ilisikika hadi barazani.

Njia za upokezi zilikuwa tatu. Ya kwanza ni redio: Radio Ceylon, iliyoanzisha kipindi maarufu cha nyimbo za filamu mwaka 1952, ilisikika mbali kwa masafa mafupi, na Sauti ya Kenya ilikuwa na matangazo yake ya Kihindustani. Ya pili ni santuri, na baadaye kanda. Ya tatu ni sinema yenyewe, ikiwemo ile ya kutazamwa kutoka ndani ya gari, Fox Drive-In, iliyokuwa kando ya barabara ya Thika upande wa Nairobi.

Ni muhimu kuziangalia tarehe. Sensa ya mwaka 1962 ilihesabu takriban Waasia 177,000 nchini Kenya; ile ya 1969 ilihesabu takriban 139,000; na ile ya 1979 chini ya 80,000. Kati ya sensa hizo kulikuwa na sheria za Kenya za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara, na sheria ya Uingereza ya 1968 iliyowabana Waasia wenye pasipoti za nchi hiyo. Miaka ya kilele cha Mukesh, tangu mwisho wa miaka ya 1940 hadi kifo chake, ndiyo miaka ambayo jamii hii ilistawi, ikashtuka, kisha ikatawanyika. Kwa hiyo anayeusikiliza wimbo wa 1964 akiwa Leicester au London, na macho yakamlenga machozi, huenda hamlilii mpenzi wa kwenye filamu. Huenda anaulilia mtaa.

3.0 Fani: Uzuri wa Sauti yenye Mipaka

Uimbaji wa filamu za Kihindi una kanuni yake. Wimbo hurekodiwa kwanza studioni. Kisha, wakati wa kupiga picha, hupigwa kwa vipaza sauti huku mwigizaji akifuatisha kwa midomo. Mbinu hii ilianza kutumika katika filamu hizo mwaka 1935. Kabla ya hapo mwigizaji aliimba mwenyewe, na hata baadaye K. L. Saigal, aliyefariki mwaka 1947, aliendelea kuwa uso na sauti kwa pamoja. Mbinu mpya ilivitenga viwili hivyo. Kwa muda, hata lebo za santuri ziliweza kumtaja mhusika wa filamu badala ya mwimbaji, kama ilivyokuwa kwa wimbo mashuhuri wa filamu ya *Mahal* (1949). Waswahili husema kuimba ni kupokezana. Hapa upokezanaji ulifika mahali pa mmoja kutoa koo na mwingine kutoa sura.

Mukesh aliuonja uchungu wa utengano huo. Alizaliwa Delhi kwa jina la Mukesh Chand Mathur, akaingia katika filamu mwaka 1941 kama mwigizaji anayeimba, na akajaribu tena kuwa shujaa wa filamu katika *Mashooqa* (1953) na *Anurag* (1956). Uso wake haukukubalika. Sauti yake ndiyo iliyopendwa. Tena hata sauti hiyo ilianza ikiwa kivuli: wimbo uliompatia jina, katika filamu ya *Pehli Nazar* (1945), ulifanana mno na uimbaji wa Saigal. Alilazimika kujifunza kutofanana.

Wahakiki wa muziki wamekuwa wakimlaumu kwa mambo mawili. Kwanza, upana wa sauti yake ulikuwa mdogo: hakuweza kupanda na kushuka kama Mohammed Rafi, wala hakuwa na ustadi wa raga aliokuwa nao Manna Dey. Pili, mara kwa mara noti ndefu ilimponyoka na kukaribia kutoka nje ya tuni. Lawama zote mbili ni za kweli. Hata hivyo, wapenzi wake hawazikanushi; wanazigeuza kuwa sifa. Husema sauti yake ni ya mtu wa kawaida anayeimba akiwa na jambo moyoni.

Hapa kumbukizi inafanya kazi ya kihakiki. Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1972 kuhusu punje ya sauti, alitofautisha kati ya ufundi unaowasilisha hisia na ule mwili wa mwimbaji unaosikika ndani ya lugha. Kwa kigezo hicho, udhaifu wa Mukesh ni punje yake. Pua inasikika, pumzi inasikika, jitihada inasikika. Rafi alipoimba, msikilizaji alistaajabu; Mukesh alipoimba, msikilizaji alijaribu. Wimbo wake unaimbika na mtu asiye mwimbaji, akiwa njiani au kazini. Nyimbo zake kwa kawaida hukadiriwa kuwa zipatazo 1,300, idadi ndogo sana ikilinganishwa na ya Rafi, lakini kiasi kikubwa cha hizo kimo vinywani mwa watu. Kwa mhakiki wa fasihi simulizi, hicho si kigezo cha kudharauliwa: utungo unaoishi ni ule unaopokelewa na kuendelezwa na hadhira.

4.0 Maudhui: Mzururaji na Mwendesha Mkokoteni

Filamu mbili zinatosha kuonyesha jinsi sauti hii ilivyobeba dhamira. Ya kwanza ni *Awaara* (1951) ya Raj Kapoor, iliyopendwa mno pia Tanganyika na Zanzibar. Jina lake lina maana ya mzururaji. Hakimu anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Anamfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku, na mwanawe mwenyewe anakulia mitaani na kuwa mwizi. Hatimaye hakimu anakabiliwa mahakamani na kijana ambaye nadharia yake hakimu ndiyo iliyomuumba. Wimbo mkuu, uliotungwa na Shailendra na kutiwa muziki na Shankar na Jaikishan, mhusika anauimba akitembea barabarani, mchangamfu na mwenye huzuni kwa wakati mmoja. Maneno yanakiri umaskini. Sauti haiombi huruma.

Fikiria neno hilo, mzururaji, katika Kenya ya miaka ya 1950. Mwanamume Mwafrika alikuwa ameishi kwa muda mrefu chini ya kipande, hati iliyoanza kulazimishwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na sheria za uzururaji zilimruhusu polisi kumkamata asiye na kazi wala makao mjini. Kati ya 1952 na 1960 Hali ya Hatari iliifanya safari ya kutoka Murang'a hadi Thika kuwa jambo la kuulizwa maswali. Mtu aliyeitazama *Awaara* katika mazingira hayo hakuhitaji kujua Kihindi ili atambue ni nani anayeshtakiwa na ni nani anayehukumu. Picha zilimpa kisa. Sauti ya Mukesh ilimpa msimamo wa kukipokelea, yaani kutembea bila kuinamisha kichwa.

Filamu ya pili ni *Teesri Kasam* (1966), iliyotokana na hadithi fupi ya Phanishwarnath Renu na kutayarishwa na Shailendra mwenyewe, aliyefariki mwaka huo huo. Hiraman, mwendesha mkokoteni wa ng'ombe, amekwisha kula viapo viwili: kutobeba tena bidhaa za magendo, na kutobeba tena mianzi. Anapombeba mcheza maigizo aitwaye Hirabai, anampenda bila kujua jinsi ulimwengu unavyomtazama mwanamke huyo. Mwishoni anakula kiapo cha tatu: hatambeba tena mwanamke wa jukwaani. Nyimbo za njiani, kwa sauti ya Mukesh, zina mwendo wa gurudumu. Hazifiki popote kwa haraka. Hapa ufinyu wa sauti unakuwa uhalisia. Sauti yenye madoido mengi ingemfanya Hiraman kuwa msanii. Sauti ya Mukesh inamwacha awe mwendesha mkokoteni. Kwa miji ambayo riziki yake ilitegemea barabara na reli, mhusika huyu hakuwa mgeni.

5.0 Ulinganisho na Pwani

Upokezi wa bara utaeleweka vizuri zaidi ukilinganishwa na wa pwani. Mombasa, mwimbaji Juma Bhalo (1942-2014) alijipatia umaarufu mkubwa kwa taarabu yenye tuni za filamu za Kihindi. Tuni ilikuja kutoka Bombay, lakini maneno yalikuwa ushairi wa Kiswahili wenye vina na mizani, mengi yakiwa ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi wa *Malenga wa Mvita* (1971). Kwa njia hiyo tuni ya kigeni ilipewa uraia. Msikilizaji wa Mvita aliipokea akiwa na haki ya kuibadilisha.

Thika na Ruiru hazikujenga utanzu wa aina hiyo. Wimbo ulibaki ulivyokuja, katika lugha yake. Ndani ya nyumba ya Mhindu sauti ya Mukesh ilikuwa hata ya ibada, kwani aliirekodi Ramayana ya Tulsidas; nje ya nyumba hiyo ilikuwa tuni ya kupiga mluzi. Tofauti hii si ya vipaji. Ni ya mahusiano. Pwani kulikuwa na karne za ujirani, ndoa na biashara katika Bahari ya Hindi. Bara kulikuwa na tajiri na mwajiriwa, kaunta ikiwa katikati. Tuni ilivuka kaunta. Maneno hayakuvuka.

6.0 Hitimisho

Sasa swali la awali laweza kujibiwa. Kumbukizi ya Mukesh ni uhakiki inapotufundisha kwamba ubora wa sauti haupimwi kwa upana peke yake, bali pia kwa nafasi ambayo sauti humwachia msikilizaji. Katika hilo wapenzi waliwatangulia wahakiki. Lakini inakuwa pazia inapodai kwamba enzi za nyimbo hizo zilikuwa enzi za maelewano. Watu wanaweza kupenda wimbo mmoja bila kula meza moja. Anayeikumbuka Thika kwa wimbo peke yake huukumbuka mji usio na vibarua. Na anayekataa kuukumbuka wimbo kwa sababu ya kaunta humnyang'anya kibarua kitu alichokuwa amejichukulia bila kuomba ruhusa.

Mukesh alifariki Detroit tarehe 27 Agosti 1976, akiwa katika ziara ya maonyesho pamoja na Lata Mangeshkar, na baada ya kifo chake alitunukiwa tuzo ya Filmfare kwa wimbo wa *Kabhi Kabhie*. Barabara ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa upya mwaka 2012, na sehemu ya mashamba ya kahawa ya Ruiru yamegeuka kuwa mitaa ya nyumba za kupanga. Waliozisikia nyimbo hizi barazani, wa upande wa ndani na wa upande wa nje, ni wazee. Idara za fasihi zilizozoea kurekodi vitendawili na tenzi zingefanya vyema kuwarekodi wao pia, pande zote mbili, na kuwauliza swali moja: uliposikia, ulikuwa umesimama wapi?