Rubani wa Nchi Kavu

Zamani za matanga, nahodha aliyevuka bahari kuu kwa kusoma nyota, akastahimili tufani na kiu na ghasia za mabaharia wake, aghalabu alipofika mlangoni mwa bandari ngeni aliuachia usukani mtu aliyemjia kwa kidau, mtu ambaye huenda hakupata kusafiri mwendo wa siku mbili kutoka kwao, lakini aliyeujua kila mwamba uliojificha chini ya maji na kila mkondo unaogeuka kwa bamvua na kwa maji mafu. Mtu huyo aliitwa rubani. Siku hizi jina lake limepaa angani, likakaa na waendeshao ndege, nami silionei kijicho. Ila leo nataka kulishusha, si mpaka baharini lilikotoka, bali mpaka nchi kavu, nimvike mtu mmoja wa George Town, katika kisiwa cha Penang, nchini Malaysia, ambaye kazi yake ni kuwatembeza wageni kwa miguu, mmoja mmoja au wawili wawili, na ambaye kwa siku mbili alinionyesha sanaa niliyokuwa nikiidhani kuwa ni wingi wa maneno tu.

Nilikuwa na sababu ya kuidhani hivyo. Mwaka mmoja, katika mji mwingine nisioutaja, nilijiunga na kundi la watu arubaini lililofuata bendera ndogo ya manjano kama vifaranga wamfuatavyo kuku, na mwenye bendera akatumiminia tarehe na majina ya wafalme kwa kipaza sauti, pasipo kumeza mate, hata jioni nilichokumbuka ni rangi ya bendera peke yake. Na sisi watu wa pwani tunawajua pia jamaa zao wa namna nyingine, wale ambao Unguja wamepewa jina la papasi, kwa kuwa humganda mgeni tangu anaposhuka gatini wasibanduke mpaka washibe: njia zao zote huishia katika duka la rafiki, na rafiki huyo huwapa fungu lao nyuma ya pazia. Kutokana na hao wawili, mpayukaji na mnyonyaji, nilikata shauri kwamba mwenye macho na ramani hana haja ya kuongozwa.

Rubani wangu wa Penang, Pak Cik, alinipokea baada ya sala ya alfajiri katika ua wa msikiti wa Lebuh Acheh. Ndivyo nilivyomwita, kama vijana wa mji wanavyomwita, na maana ya neno hilo haiko mbali na ami. Naye akaniita *adik*, ndugu mdogo, ingawa ndevu zangu zina mvi. Kifuani alining'iniza kitambulisho, kwani huko hakuna ruhusa ya kuongoza watalii kwa ujira pasipo leseni ya serikali, na sheria ya mwaka 1992 imelikaza jambo hilo. Nilitazamia aniulize ninataka kuona nini. Hakuniuliza. Alitaka kujua nimetoka mji gani, na kazi ya wazee wangu ilikuwa nini. Nikamjibu kuwa ni mtu wa Mombasa, na kwamba mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akishona kofia za viua. Akatikisa kichwa, akanyamaza, na mimi nikadhani kuwa yalikuwa mazungumzo ya kupasha koo moto.

Baadaye nilitambua kwa nini tulianzia pale. Mgeni mwingine angemwanzisha kwenye ngome au kwenye hekalu. Mimi alinianzishia msikitini kwa sababu alijua nitakachokiona hapo kabla sijakiona mwenyewe. Msikiti huo ulijengwa mwaka 1808 na Tengku Syed Hussain Al-Aidid, mfanyabiashara wa Aceh mwenye asili ya Hadhramaut, na mnara wake una pembe nane. Kwa miaka mingi mtaa huo ulikuwa kituo cha mahujaji wa kaskazini ya Malaya, wa Siam na wa Sumatra, waliolala katika nyumba zake majuma kadhaa wakingoja meli ya Jedda, wakinunua mashuka ya ihramu, mchele na samaki mkavu wa safari, hata watu wakauita Jedda ya Pili. Ndege zilipozishinda meli, katika miaka ya 1970, maduka yakapoa. Pak Cik aliyasema hayo kwa sentensi chache, kisha akaongeza neno moja lililonikalisha kitako juu ya ngazi: kwamba jimbo dogo la Perlis, upande wa kaskazini, linatawaliwa na ukoo wa Jamalullail. Sikuhitaji kufasiriwa. Ukoo huo ndio wa Habib Swaleh aliyeujenga msikiti wa Riyadha, Lamu. Mtu aliyeondoka Tarim, huko Hadhramaut, kwa msimu mmoja wa pepo aliangukia kwetu, na binamu yake kwa msimu mwingine aliangukia kwao.

Toka hapo tukaanza kupimana kwa lugha, naye akafurahi kama mtoto. Wao husema *apa khabar*, sisi twasema habari gani. Wana *waktu*, tuna wakati. Wana *sabun*, *kertas*, *hakim* na *dunia*, na hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mkalimani. Waarabu wametuachia mengi sote, na Mreno, ambaye hakumpendeza mtu hata mmoja wa pande hizo mbili, ametuachia *meja*, yaani meza, na neno bendera, ambalo wao na sisi twalitamka sawasawa. Penye *nasi* ndipo tulipogongana, kwa maana kwao ni wali, na mimi masikioni mwangu nasikia nazi. Lakini hata ugomvi huo ulipatana mezani, pale nilipoletewa wali uliopikwa kwa tui.

Hayo yote ni maarifa, na maarifa huuzwa vitabuni kwa bei nafuu. Kama kazi ya Pak Cik ingekuwa hiyo tu nisingeshika kalamu. Nilichokiona kwake ni jambo jingine, nalo nililiona waziwazi ilipokaribia saa nne, aliponipitisha katika ujia mwembamba hadi kwenye duka lisilo na kibao, ambamo mzee mmoja alikuwa akishona *songkok*, zile kofia nyeusi za mahameli wanazovaa Wamalay, akiweka kati ya kitambaa na bitana gazeti kuukuu ili kofia isimame. Mzee yule hakuwa mtu wa kutazamwa na watalii, na mlangoni pake watu watatu waliotangulia kuchungulia wakiwa na kamera mkononi hawakupewa hata jicho. Pak Cik alisimama kizingitini, akatoa salamu, akauliza hali ya goti la mzee, kisha hali ya mjukuu aliyekuwa akifanya mtihani, kisha akangoja. Alingoja muda mrefu, pasipo kunitambulisha. Hatimaye mzee mwenyewe ndiye aliyeuliza, huyu ni nani? Hapo tu ndipo aliponijibia, kwamba mimi ni mwana wa mshona kofia kutoka ng'ambo ya bahari. Mzee akasukuma kigoda kwa mguu.

Nilikaa saa nzima. Nilielezwa jinsi mahameli yanavyokatwa yasipoteze uelekeo wa manyoya yake, nikaeleza jinsi kofia ya viua inavyotobolewa vitundu kwanza kisha vikazungushiwa uzi, na tulipokosa maneno tuliazima mikono. Pak Cik muda wote huo alikaa nje barazani, akisoma. Kiongozi mwenye tamaa ya kusikiwa angeingia kati, afasiri kila kitu mara mbili, ili nisisahau nani ninayemlipa. Yeye alijua kwamba kazi yake pale ilikwisha kizingitini.

Basi naamini kwamba mtaji wa sanaa hii ni heshima ambayo mtu ameilimbikiza kwa miaka katika mitaa yake, kwa kuzika na kuzikana, kwa kujua nani ana goti linalouma na nani ana mwana anayefanya mtihani; elimu ni nyongeza. Kiongozi wa kweli humdhamini mgeni kwa mtaji huo. Anapogonga mlango husema, pasipo kulitamka, kwamba huyu ni juu yangu; na mgeni akichezea kitu cha ibada, au akampiga picha mke wa mtu akianika nguo zake, anayelipa ni mdhamini, kwa maana mgeni kesho yuko uwanja wa ndege na yeye kesho yuko mtaani. Katika dini yetu mambo ya dhamana yana kurasa nyingi za fiqhi, na inafaa, kwani ni mzigo mzito kuliko ada ya nusu siku.

Nililiona hilo tena kwenye Chew Jetty, mtaa wa Wachina wa ukoo wa Chew waliojenga nyumba zao za mbao juu ya nguzo ndani ya bahari, uchochoro wa mbao ukienda mbele na maji yakipita chini ya miguu. Wageni humiminika pale kwa mamia, na katika baadhi ya milango pamebandikwa maombi kwamba msipige picha, humu wanaishi watu. Pak Cik si Mchina wala si wa ukoo huo. Alikwenda kwanza mpaka kwenye hekalu dogo la kiingilioni, akamsalimu kwa Kihokkien bibi aliyekuwa akifagia, akapata neno lake, ndipo akanipungia mkono. Na tulipokuwa ndani alishusha sauti yake hata nikalazimika kuinama. Tulipofika mwisho wa mbao hakusema lolote. Maji yalikuwa yakitoka, na harufu ya tope la pwani ile ingeweza kuwa ya Kibokoni, kwetu Mombasa.

Sifa ya pili ya sanaa yake ni insafu katika usimulizi. Katika elimu ya hadithi twajua kuwa maneno hayaachwi yakaelea hewani, bali hutajwa nani kayapokea kwa nani. Na Pak Cik, sijui kama kwa kusudi au kwa malezi, aliitumia kanuni hiyo barabarani. Alikuwa na sauti tatu. Kwa ile ya kwanza alisema yaliyoandikwa: kwamba mwaka 1786 Francis Light alikitwaa kisiwa kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki. Kwa ya pili alisema waliyosema wazee: kwamba tundu la mviringo katika mnara wa Lebuh Acheh lilitobolewa na mzinga katika fujo za mwaka 1867, zilipopigana jamii za siri za Kichina za Ghee Hin na Tua Pek Kong, kila moja na washirika wake Wamalay. Na kwa ya tatu, ambayo huambatana na tabasamu, alisema yale wayapendayo viongozi: kwamba Light alijaza fedha katika mzinga akaufyatua msituni, ili watu waufyeke msitu kwa kuzitafuta. Mbele ya ngome nilicheka sana kwa kisa hicho. Akaniacha nicheke, kisha akarudi kwenye sauti ya kwanza, akanieleza kwamba Sultani wa Kedah alikitoa kisiwa kwa kutumaini kulindwa na adui zake, na ulinzi haukuja, na alipojaribu kukirudisha kwa nguvu mwaka 1791 alishindwa. Kicheko kilikuwa chambo, nami nilikimeza.

Sitasimulia njia nzima. Tulipita barabara ambayo ndani ya mwendo mfupi ina kanisa la mwaka 1818, hekalu la Kuan Yin, hekalu la Kihindu la mwaka 1833 na msikiti wa Kapitan Keling wa mwaka 1801, nayo imesifiwa na wengi kiasi cha kutosha. Penye picha maarufu ya watoto wawili juu ya baiskeli, iliyochorwa ukutani mwaka 2012, watu walipanga foleni ya kupigwa picha. Pak Cik alipita kama apitaye mvua. Alipendelea kunionyesha *kaki lima*, yaani futi tano, njia zenye paa mbele ya maduka, ambazo kwetu tungeziita baraza, na kunieleza kwa nini nyingi zimezibwa au zimepakwa rangi ya hoteli: sheria iliyozuia kodi za nyumba kupanda ilikoma mwanzoni mwa mwaka 2000, wapangaji wa vizazi viwili na vitatu wakahama, na UNESCO ilipoutia mji katika urithi wa dunia, mwaka 2008, nyumba zilikuwa zingalipo na watu wengi walikuwa wamekwisha kwenda. Alilisema jambo hilo bila kulaumu mtu. Mchana tulikula *nasi kandar*, wali wa mchuzi ambao jina lake latokana na mzega, kwa kuwa Watamil Waislamu waliouanzisha waliutembeza kwa mti begani, chungu huku na chungu huku, na huko aligombana na mimi kwa mara ya kwanza, kwa sababu nilitaka kumlipia.

Siku ya tatu nilitoka peke yangu. Pak Cik alikuwa na wageni wengine, na mimi nilitaka kujipima kama nimejifunza kutembea. Nilipotea mara mbili, nikafika hata hivyo. Mzee wa *songkok* aliniona kabla sijatoa salamu, akasukuma kile kigoda, akauliza yuko wapi mwenzangu. Nikamwambia, akaendelea kushona. Nilipoondoka nilichukua kofia moja nyeusi ya kichwa changu. Ukutani, nyuma ya cherehani, palikuwa na karatasi yenye bei mbili, ya juu kwa wageni na ya chini kwa watu wa mji. Alinitoza ya chini.