Vidole Kabla ya Mashine

Mbwa mwenye saratani ya figo haji kliniki akilalamikia figo. Pale Mesquite, mashariki mwa Dallas, analetwa kwa kuwa amekonda, amesusa chakula, au mmiliki wake kaona damu kwenye mkojo. Dalili hizo ni za magonjwa chungu nzima, na kati ya kila uvimbe 100 wa mbwa, ulioanzia kwenye figo haufiki 2. Ndiyo maana nawavulia kofia wanaougundua.

Mtazame daktari mzoefu akiwa na mbwa wa aina ya German Shepherd. Kabla hajawasha ultrasaundi, humpapasa miguu na kichwa polepole, akipekua manyoya kutafuta vinundu vigumu. Mwaka 1985 watafiti wa Norwei walieleza jinsi vinundu hivyo vinavyoandamana na saratani ya urithi inayoshika figo zote mbili. Mwaka 2003 chanzo kikajulikana: herufi moja tu iliyokosewa kwenye jeni ya folikulini. Ngozi ya mguu inatoa habari za kiungo kilichojificha tumboni!

Damu nayo husema. Mgonjwa wa figo mara nyingi hupungukiwa damu, lakini baadhi ya uvimbe huu humwaga homoni ya eritropoietini, chembe nyekundu zikazidi kiasi.

Jina la ugonjwa, hata hivyo, halitoki mpaka nyama ionekane. Kipande huzamishwa kwenye formalini, mara kumi ya ujazo wake, kisha kikasafirishwa maabara, labda ile ya Texas A&M kule College Station. Huko hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele na kutiwa rangi za zambarau na waridi.

Hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Mpatholojia huinamia hadubini na kuhesabu seli zinazogawanyika, eneo kwa eneo, mpaka maeneo 10. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, nusu ya mbwa waliohesabiwa seli pungufu ya 10 waliishi zaidi ya miaka mitatu baada ya kuondolewa figo. Waliohesabiwa zaidi ya 30, nusu yao hawakuvuka miezi sita na siku chache. Lakini kuhesabu kuna mtego: seli inayokufa, kiini chake kikisinyaa na kukolea rangi, hufanana mno na inayogawanyika. Mwenye pupa huzichanganya. Mpatholojia makini huzungusha skrubu ndogo ya hadubini taratibu, akakagua kingo za kiini kimoja. Akiwa na shaka, hakihesabu. Kisha huirudisha slaidi mwanzo, akaanza tena: moja, mbili.