Kitabu cha Bwana Dundas juu ya Kilimanjaro

Kitabu cha Charles Dundas, "Kilimanjaro and Its People", kilichopigwa chapa mwaka 1924, chastahili shukrani. Mtungaji alikuwa mtawala Moshi, akakusanya habari za nchi, za wamangi, za sheria na za dini.

Lakini yapasa tukisome kwa uangalifu. Chawataja Wachagga kana kwamba tangu kale walikuwa watu wamoja. Sisi wa Uru twajua sivyo. Mito imeukata mlima kwa makorongo, na juu ya kila mgongo alitawala mangi wake. Uru i kati ya Kibosho na Moshi ya Kale. Mwaka 1891 Wadachi walipompiga Mangi Sina wa Kibosho, watu wa Moshi walikuwa upande wa Wadachi. Tena Mwuru na Mrombo, kila mmoja akisema kwa lugha ya kwao, hawasikilizani.

Twakiri kwamba yako yaliyotuunganisha: jina la Ruwa, lenye maana ya Mungu na ya jua, mifongo ya maji, na kihamba cha migomba. Lakini chama cha wakulima wa kahawa kilianza mwaka 1925, na KNCU mwaka 1933, yaani baada ya kitabu. Umoja ulioandikwa kuwa wa kale, kwa sehemu kubwa ulikuwa ukingali kuja.

Basi, kijana akisomaye aulize katika kila ukurasa: desturi hii ni ya mgongo gani? Asipouliza, desturi za Uru zitapotea ndani ya jina la wote.